Kava la Ngozi na Ngoma ya Harusi ya Dada Edita

Kama ningekuwa natunga, ningetunga kisa ambacho mimi sichezi mbele za watu. Hilo peke yake linatosha uniamini. Mimi ni mtu wa aibu. Sisemi aibu ya maringo. Nasema ile ya kujua jibu darasani halafu unainamia dawati mpaka mwalimu amchague mwingine. Niko kidato cha tatu na mpaka mwaka huu mkono wangu ulikuwa haujawahi kunyooka juu. Sasa mtu wa namna hii ajizushie aibu barabara nzima ya Ujiji ili apate nini? Niambie.

Halafu kava lenyewe lipo. Liko hapa mezani, karibu na kiwiko changu, ninapoandika haya. Nitakueleza lilivyopatikana.

Mwaka huu dada yangu Edita ameolewa na mvuvi wa dagaa kutoka Mwamgongo. Huku kwetu ukiolewa na mvuvi, anayepanga harusi ni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa za kuvulia hazina kazi, dagaa hawazifuati, mitumbwi inapinduliwa mchangani. Ndiyo siku wavuvi wanaoa, wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Basi harusi ikawekwa wakati wa mbalamwezi.

Shemeji alikuwa ameniletea zawadi, spika ndogo ya bluetooth, ya mviringo, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, unaweza pia kuitia memori kadi. Akaniambia, "Shemeji yangu, wewe si wa kuongea. Basi utakuwa wa muziki." Niliipenda ile spika mpaka nikawa nalala nayo. Lakini ukikaa ufukweni, mchanga unaingia kila mahali, na magamba ya samaki nayo. Haikupita muda ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua.

Nikae hapa kidogo nikueleze Dada alitaka nini, maana kisa chote kiko hapo. Hakuhangaika na keki wala gauni. Alitaka Bibi acheze.

Bibi yetu mzaa Mama alikuwa hajawahi kucheza kwenye harusi. Atapika, ataosha masufuria, atawafukuza mbuzi, lakini muziki ukianza anaingia chumbani na kufunga mlango. Hata Mama alipoolewa alifanya hivyohivyo. Sababu tunaijua. Alivuka kutoka Burundi akiwa binti mdogo, yeye na kaka yake aliyeitwa Misigaro. Huyo Misigaro alikuwa mpiga ngoma. Ngoma zao ni gogo zima, huwezi kukimbia nalo, kwa hiyo aliivua ngozi, akaliacha gogo, akamfunika nayo mdogo wake ndani ya mtumbwi, mvua inanyesha. Akamwahidi, "Hii nitaivisha gogo jingine, nikupigie siku ya harusi yako." Homa ikamchukua hapahapa Ujiji kabla hajapata gogo. Bibi akaolewa kimya kimya. Ukimuuliza mbona hachezi, anakujibu, "Nilimwambia nitamsubiri. Umesikia nimemwambia nimechoka?"

Dada akanishika mabega. "Mdogo wangu, muziki uko mikononi mwako. Nitafutie wimbo wa kumtoa Bibi chumbani."

Unauona mzigo huo? Nilijaza kadi nyimbo za kila aina, nikawa nazijaribu uani huku Bibi anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. Siku moja tu ndiyo alisema kitu.

"Hicho kidude mbona kiko uchi?"

Nikamwambia kinahitaji kava, mchanga unakiua. Akaingia ndani, nikasikia sanduku linalia, akarudi na ngozi iliyokunjwa, ya rangi ya chai ya maziwa, kavu kama ubao.

"Bibi, hii si ile ya..."

"Ndiyo ile. Gogo sikupata. Chako kina mviringo, kitatosha. Kivishe."

Niliipeleka Mwandiga kwa Fundi Sadoki, anayeshona viatu na mikoba. Aliinusa, akaipiga kwa kidole, ikatoa sauti. Akasema, "Mh! Hii imepigwa hii. Ng'ombe wa pembe ndefu, na aliyeipiga hakuwa mvivu." Akailoweka, akailainisha kwa mafuta, akaikata. Siku niliyoenda kulichukua lile kava, kiukweli nilitaka kulia. Lilikuwa la kishua! Mshono wa uzi uliopakwa nta, kifungo cha shaba, mkanda wa kuvaa begani, na mbele matundu madogomadogo ya kutolea sauti, yamepangwa duara kama nyota. Kwa juu, kipande kizima kimevutwa kikakaza. Wenzangu shuleni wakacheka. "Spika ya plastiki, koti la waziri!" Wacha wacheke.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu salamu. Waha, wenyeji wa huku kwetu, husalimiana kwa makofi. Unakunja goti kidogo, unapiga viganja taratibu, unasema "Mwidiwe" kama ni mchana au jioni, mwenzako anakujibu kwa makofi na maneno. Mimi huwa najibu kwa makofi tu. Mdomo sifungui. Watu wazima wanasema, "Binti ana adabu huyu," kumbe binti anaogopa kuongea. Siku zote hilo limenisaidia. Siku zote, isipokuwa jioni ile.

Baada ya kutoka kanisani, Mama aliniambia nitangulie ufukweni kuwapokea ndugu wa bwana harusi waliokuwa wanakuja kwa boti, niwapigie muziki kuanzia majini hadi nyumbani. Nikavaa kava langu begani, nikakimbia. Nilifika mapema kwa makusudi, nipate kukaa peke yangu.

Ufuko ulikuwa mtupu. Mitumbwi imelala kifudifudi, vichanja vya dagaa havina kitu. Upande wa Kongo jua linazama nyuma ya milima, na upande wa Mwandiga mwezi mzima unachomoza, mwekundu kama sinia la shaba. Vyote viwili kwa wakati mmoja. Nilikuwa na vivuli viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Nikawa navitazama, nafurahi kama mtoto.

Ndipo nikamwona kijana anakuja kutoka kwenye maji. Mrefu, amejifunga kitambaa cheupe kiunoni, anatembea kwa madaha. Nikadhani ametoka kuoga. Alipofika karibu nikaona miguu yake mikavu, ina vumbi, vumbi jekundu la mbali, la milimani. Na kivuli? Hakuwa na hata kimoja, mimi mwenye viwili!

Ungekimbia? Hata mimi najiuliza mbona sikukimbia. Lakini niamini, hakuwa anatisha. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyefika harusini na bado kuna chakula.

Akakunja goti, akapiga makofi. "Mwidiwe."

Nami, kwa mazoea yangu, mdomo nimeufunga, nikajibu kwa makofi.

Akacheka. Akapiga tena, safari hii kwa mdundo, pa, papa, pa. Mikono yangu ikajibu. Akapiga mwingine, nikajibu. Hapo nikahisi kitu mbavuni. Kava lilikuwa linadunda. Du, dudu, du! Spika sikuwa nimeiwasha, nakuapia. Ile taa yake ndogo ya bluu ilikuwa giza.

Akaweka kiganja juu ya ngozi. Kiganja kigumu kama soli. "Wamekushona vizuri," akaliambia kava, si mimi. "Nilidhani mchwa wamekumaliza." Kisha akanigeukia. "Mdogo wangu bado anaogopa radi?"

Nikajiambia ni mmoja wa ndugu wa shemeji, tena ameanza kunywa mapema. Nikatikisa kichwa, sijui ni ndiyo au hapana.

"Umekwishanijibu kwa mikono," akasema. "Kwetu, ukimjibu mpiga ngoma kwa mikono, umekubali kucheza. Twende, nimechelewa harusi."

Boti ikaingia muda huohuo. Ndugu wa shemeji wakashuka na vigelegele, mama mmoja mnene akabebwa mgongoni asilowe, akapiga kelele, "We binti, ngoma hiyo umeitoa wapi? Ongeza!" Niongeze nini? Nilijaribu kulibana kava kwa mkono, likadunda zaidi. Halafu mabega yangu yakaanza. Yaani mabega, kisha miguu, kisha kiuno ambacho sikujua ninacho. Mimi! Nikatangulia mbele ya wageni wote, narukaruka kama wale wapiga ngoma wa Burundi, na yule kijana kando yangu anapiga hewani kwa mikono mitupu, kila pigo likitokea kwenye kava. Watu wakatoka madukani. Nikasikia sauti ya msichana wa darasani kwetu, "Jamani! Si yule bubu wa dawati la nyuma?" Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huohuo, sijui nikuelezeje, nilitaka barabara isiishe.

Yule kijana hakuna aliyemwona. Wageni walipita pale alipo, naye akawapisha kwa adabu.

Mama alikuwa amesimama getini, amekasirika, ameshika kitu kidogo juu hewani. "Wewe mtoto! Memori kadi umeiacha dirishani! Sasa utapiga..." Akalitazama kava. Akaitazama kadi mkononi mwake. Akaanza kujifunga kanga kiunoni.

Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa umefungwa. Dada Edita alikuwa amekaa kwenye kiti chake na shela lake, macho kwenye ule mlango, wala hakutazama wageni. Kijana akausogelea. Akapiga mdundo mmoja mfupi, ambao hakuwa ameupiga njia nzima. Ukasita.

Kutoka ndani, makofi yakajibu. Taratibu. Pa, papa, pa.

Mlango ukafunguka. Bibi akatoka miguu pekupeku, bado ana aproni ya jikoni. Hakututazama. Alitazama kando yangu, juu kidogo, pale ambapo kichwa cha mtu mrefu kingekuwa.

"Umechelewa, Misigaro," akasema.

"Gogo lilikuwa gumu kupatikana," kijana akajibu.

"Mwongo wewe. Ulikuwa unazurura."

Wakacheka wote wawili, ingawa wengine walimsikia Bibi peke yake. Halafu Bibi akanyanyua mikono, na akacheza. Sitaweza kuandika alivyocheza. Yule mama mnene wa kwenye boti aliacha sahani yake ya wali. Bibi alimfuata Dada kwenye kiti, akamvuta mkono, wakacheza bibi harusi na bibi yake, shela likaanguka kwenye vumbi na hakuna aliyeliokota. Dada alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, poda yote imeharibika. Mimi nilikuwa katikati yao. Mimi ndiye niliyebeba ngoma.

Mwezi ulipopanda juu ya paa, nikahisi kava linatulia. Nikageuka, kijana hayupo. Kwenye kiti alichowekewa na Bibi kulikuwa na kibuyu cha pombe ya ndizi, kitupu, na vumbi jekundu kidogo mahali pa miguu. Bibi alilichukua lile vumbi akalifunga kwenye pindo la kanga yake. "Kapiga vizuri," akasema, "ila mwishoni aliharakisha." Akaenda kuosha masufuria.

Utasema nilikuwa na usingizi, au njaa. Haya. Mama naye alikuwa na usingizi? Ile kadi alikuwa nayo mkononi. Hadi leo ukimuuliza anasema, "Muziki ulikuwa mzuri," halafu anabadilisha mada.

Spika ilikufa baadaye, maji yaliingia, na fundi wa redio alishindwa. Kava liko imara, halijachubuka hata mshono. Nimeliacha wazi ndani, halina kitu. Siku za kawaida ni ngozi tu, linanuka mafuta na moshi. Mwezi ukiwa mpevu linapata joto, kama shavu la mtu aliyetoka kukimbia. Viganja vyangu vimeota sugu na sijalima popote. Naitwa kwenye harusi za watu nisiowajua, na ninaenda. Bado siongei, usidhani nimebadilika sana, lakini wiki iliyopita mwalimu aliuliza swali na mkono wangu ukapanda wenyewe. Sikujua nimtazame nani. Jibu lilikuwa sahihi.

Bibi ndiye tatizo sasa. Hakosi harusi. Anacheza hata kwenye vipaimara. Dada anapiga simu kutoka Mwamgongo, "Mzuieni, goti lake!" Nani amzuie?

Kwa hiyo wewe unayesoma, chukua onyo langu. Ukipita ufukweni wakati jua na mwezi vinatazamana, ukakutana na mtu mwenye vumbi miguuni aliyetoka majini, akakusalimia kwa makofi, fungua mdomo. Sema "Mwidiwe" kwa sauti, salimia kama watu, pita zako. Usimjibu kwa mikono mitupu kama huna nafasi ya kucheza, maana hatauliza kama una aibu, wala kama kesho una mtihani.

Dirishani mwezi umekamilika. Kava limeanza joto. Pa, papa, pa.

Ngoja niweke kalamu chini. Nahitaji mikono yote miwili.