Plasta yangu ya kuacha sigara niliikuta mgongoni mwa mwanangu

Wakuu, habari za huko mliko. Ninachoandika ni kweli tupu, na kuna sehemu nitaonekana mtu mbaya. Nisomeni tu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea milango, naishi Kasenga, Uvira. Sigara nimevuta miaka kumi na minne.

Mke wangu, Mama Riziki, alijua nimeacha. Kanisani nilishatoa hadi ushuhuda. Uongo. Nilikuwa navuta kazini kwa kujificha.

Mwaka jana nikaamua kuacha kweli. Rafiki akaninunulia Bujumbura plasta za nikotini, unabandika moja kwa siku, hamu inapungua taratibu. Zilinisaidia, sidanganyi. Nilibandika begani chini ya shati, nyumbani hakuna aliyejua.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kifaransa, herufi ndogo ndogo. Nilisoma pa kubandika, basi.

Asubuhi moja nikatoa ya jana, nikaweka mpya. Ya zamani nikaitupa chini ya kitanda, nikawahi kazi. Nilidhani imeisha nguvu.

Saa nne, simu. Mke wangu analia: "Baba Riziki, kuya mbio! Mutoto iko anatapika, ameregea!"

Riziki ana miaka miwili. Nilimkuta midomo imepauka, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Tukarukia moto, pikipiki ya abiria, nimempakata mimi, mama yake nyuma yangu.

Njiani mkono wangu ukagusa kitu chini ya gauni lake. Laini, kimenata.

Plasta. Ile niliyoitupa chini ya kitanda, anapojiviringisha asubuhi kabla ya kuvishwa.

Nikaibandua, nikaificha mfukoni.

Njia nzima hadi kituo cha afya Kilibula nawaza mke atasema nini, kanisa litasema nini. Na mtoto macho yanamgeuka mikononi mwangu.

Muuguzi, mama mtu mzima, akajiandaa kumtoboa kidole. "Inaonekana malaria."

Hapo Riziki akaacha kulia. Ghafla. Kichwa kikaniangukia begani.

Nikaweka plasta mezani. "Miye ndiye navuta sigara. Hii ilikuwa kwa mugongo yake."

Mke wangu akamchukua mtoto mikononi mwangu.

Muuguzi akauliza imekaa muda gani, akamwosha mgongo kwa maji matupu. Sabuni alikataa, akasema inaweza kuingiza dawa zaidi. Tukakimbizwa hospitali, wakakaa naye wakimpima mapigo ya moyo. Kesho yake mchana akaomba uji. Nililia mbele ya watu.

Yule muuguzi aliniambia: "Plasta yenye ilishatumika ingali na sumu ya kutosha kuua mutoto. Lakini weye usirudilie sigara. Ukiitosha kwa mwili, ikunje gundi kwa gundi, uweke kwenye mutoto hafiki. Na zenye ziko mupya ufungie."

Nilifanya hivyo hadi nikamaliza. Sivuti tena.

Mama Riziki amesamehe sigara. Ile safari ya moto nilivyokaa na plasta mfukoni, bado. Kila akimwogesha mtoto, anamgeuza kwanza amkague mgongo, na mimi nikiwepo haniangalii.

Mnaotumia hizi plasta na mna watoto, mnazitupa wapi? Na kama nyumbani hawajui, mtawaambia lini?

Semeni. Hata mkinitukana nitasoma.