Harufu ya Kahawa ya Jirani

Loisi aling'oa mibuni yake kwa hiari. Ilikuwa imezeeka, ugonjwa wa chulebuni umeishika, na kila msimu matunda yalimkaukia mtini. Mwanawe Gwakisa akamletea miche ya parachichi kutoka mji wa Mpemba, wakachimba mashimo, wakajaza samadi, wakapanda shamba lote hapo Isansa. Miti ikazaa. Wanunuzi wakaja na kreti zao, wakakata tunda moja moja kwa mkasi, wakiacha kikonyo. Loisi akaezeka nyumba upya.

Lakini mvua za kwanza zilipofika, alitoka uani asubuhi akasimama kama anayengoja mgeni. Enzi za uhai wake, mumewe Mbonile ndiye aliyemwamsha siku kahawa inapochanua. "Mama, toka uone," alikuwa akisema, nao wakasimama mlangoni, khanga moja mabegani mwao, wakitazama shamba lilivyogeuka jeupe. Sasa majani mapana ya parachichi yalidondosha maji tu.

Jioni upepo ukaleta harufu ya maua kutoka kwa jirani yake, Fortunata, ambaye hakung'oa kahawa yake. Loisi akaifuata, akaketi chini katikati ya mibuni. Fortunata akamkuta hapo.

"Mama Gwakisa! Umepotelewa na mbuzi?"

"Hapana. Nimekuja kunusa."

Fortunata akacheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. Akaketi pembeni yake.

"Unajuta kuing'oa?"

"Sijuti. Ilikuwa imeshakufa. Ila Mbonile nilikuwa namwona humo kila mwaka. Parachichi hakuzijua kabisa. Nikizunguka shambani simpati popote."

Fortunata akasema, "Tukianza kuchuma, njoo basi."

Mavuno yalipofika, Loisi alienda, kikapu kiunoni, akakataa malipo. Wanawake walipiga soga, naye akawa anacheka nao, vidole vikitembea kwenye matawi bila yeye kuvitazama. Likamjia neno la kuchekesha kuhusu mchungaji wao, akageukia kushoto ili amwambie Mbonile, kwa kuwa siku zote alichumia upande huo.

Hapakuwa na mtu. Loisi alibaki ameshika tawi, mdomo wazi kidogo.

"Ulitaka kusema nini?" Fortunata akauliza kutoka mstari wa pili.

"Basi tu," akajibu. Akavuta tawi jingine, akaendelea kuchuma.