Kidonda cha Mke Wangu Nilikiita cha Wanajeshi

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Nimechoka kukaa nalo peke yangu, ndiyo maana nawaandikia.

Wakati wa vita kwetu Uganda nilikimbilia Busia, upande wa Kenya, nikawa nalala kwenye ghala la mahindi pamoja na madereva. Mke wangu alibaki Jinja, kule Mafubira, kulinda nyumba na kiduka chetu. Kiswahili, lugha ya wanajeshi, anakijua vizuri, basi kwenye kizuizi cha wanajeshi yeye ndiye aliyewasemea majirani. "Afande, huyu mgonjwa, mwache apite." Watu walipita kwa sababu yake.

Niliporudi, nikakuta wanajeshi wanamwamkia kwa jina. Roho iliniuma.

Baadaye akatoka kidonda ndani ya mdomo wa chini. Tukaweka chumvi, tukapaka dawa ya zambarau, wapi. Akawa anakonda. Nikampeleka kwa dresa mmoja, mtibu vidonda wa sokoni. Alikitazama akacheka. "Bwana, haya mambo ya kambini, kaswende hii," akaniambia, akampiga sindano za penisilini. Kidonda hakikupona, na mimi nikaona sasa ushahidi umekamilika. Jamani, akili gani ile!

Nikamuuliza, walikuwa wangapi?

"Baba Asha, hakuna aliyenigusa," akasema. "Nipeleke kwa daktari."

Sikumpeleka. Nilimwita kaka yake kutoka Mbale, nikatoa talaka tatu kwa mpigo mbele yake, huku nakohoa. Maana nilikuwa nakohoa tangu Busia, na kila mtu nikimwambia ni vumbi la magunia.

Kaka yake akamchukua, na huko Mbale daktari alikata kinyama kidogo cha kile kidonda, akapima na makohozi. Kifua kikuu. Kilikuwa mapafuni mwake, kikamtokea mdomoni. Daktari akauliza, "Nyumbani kwenu nani anakohoa?" Shemeji akaja kunichukua, hata salamu hakunipa. Nilipopimwa nikakutwa nacho, tena changu kilikuwa cha siku nyingi. Mimi ndiye niliyemletea.

Nikapanga chumba Mbale, karibu na viwanda, nikaanza dawa. Nikaenda kwa shehe kuomba njia ya kumrudia. Akanijibu kwamba njia niliifunga mwenyewe, mpaka aolewe na mume mwingine, waishi, na waachane kwa hiari yao.

Siku moja tulikutana kwenye foleni ya dawa. Kidonda kimefunga, kovu limebaki. Nikamwomba msamaha, machozi yananitoka mbele za watu.

"Nilishakusamehe," akasema. "Dawa zako unameza?"

Nikasema nameza. Akaitwa ndani, akaenda.

Ameolewa na fundi cherehani hukohuko Mbale. Binti yetu Asha anakaa nao.

Wanaume wenzangu, kidonda cha mdomoni kikikataa kupona, mpeleke mkeo hospitali kabla hujafungua kinywa. Na wewe unayekohoa, nenda naye mkapimwe wote. Mimi kifua kimepona kabisa. Nimerudi Mafubira, nafungua duka, nafunga, na hakuna anayeniuliza kama nimekula.