Suruali Iliyopasukia Ilomba

Rozalia hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa fundi cherehani wa Kihesa, mjini Iringa, mwanamke wa miaka thelathini na minne asiye na mume, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kicheko. Alicheka kanisani. Hata msibani kilimshika, akajifunika kanga usoni, na watu wakambembeleza wakidhani analia.

Mwaka 1976 Timotheo alirudi kutoka Dar es Salaam na ujuzi wa karate. Akaleta jora zima la kitambaa cha marekani, ashonewe magwanda yeye na wanafunzi wake saba. Wiki hiyohiyo Liberatus, aliyewahi kucheza ndondi jeshini, akaleta kitambaa cha bukta za vijana wake. Wakakutana barazani kwa Rozalia, na tangu siku hiyo fundi hakushona kwa amani.

"Ngumi ni mikono tu," Timotheo alisema. "Miguu Mungu alikupa ya nini, kaka? Ya kuendea sokoni?"

"Ukiinua mmoja, umebaki na mmoja," Liberatus akamjibu. "Kuku husimama hivyo akitaka kulala."

Rozalia alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

Ubishi ulikolea. Mwishowe Liberatus akapata habari kutoka kwa binamu yake Sedekia, aliyekaa Ilomba, Mbeya. Huko kulikuwa na Msukuma mmoja, Nkuba, aliyehamia na ng'ombe wake bonde la Usangu, bingwa wa mieleka asiyejua karate wala ndondi. Siku ya Sabasaba angekuja Ilomba. Nani angemwangusha?

"Mimi," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Na mimi nakuja," alisema Rozalia. "Nguo ni za mkono wangu. Nataka kuziona zikifanya kazi."

Uwanja wa Ilomba siku hiyo ulikuwa vumbi na upepo wa baridi, watu wamejifunga mablanketi mabegani. Nkuba alitokea peku, kifua kama mlango, kaptura ya kaki. Kabla ya lolote alizunguka akisalimia watu mmoja mmoja.

"Hujambo, dada Lozalia," alisema alipotambulishwa, maana ulimi wake haukuwa na r.

Kicheko kikamshika Rozalia palepale. Nkuba naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini.

Sedekia akawa refa, na Timotheo alianza. Alipiga ukelele, mguu ukaruka, ukasimama inchi moja kutoka kidevu cha Nkuba. Watu wakaguta. Akapanda kichwa, akarusha wa pili, juu zaidi. Kraaa! Suruali ilipasuka msamba, kutoka mbele hadi kiunoni nyuma, na chupi ya maua ikaonekana na Ilomba nzima. Timotheo akachuchumaa kama mtu aliyeangusha shilingi.

Rozalia alikimbia na sindano. Alimshona hapohapo, ameinama nyuma ya kanga iliyoshikwa na wanawake wawili, huku kila aliyekuwepo akitoa ushauri.

"Usinishone na mimi, dada!" Timotheo alilia.

"Basi usitetemeke!"

Wakati huo Liberatus alikuwa ameshaingia na glovu zake. Alimpiga Nkuba ngumi tatu safi za uso, pua ikatoa damu. Ya nne haikufika. Nkuba aliinama, akapita chini yake, akamkumbatia, akamlaza taratibu kama gunia la mpunga.

"Refa! Kushika hakuruhusiwi!" Liberatus alipiga kelele akiwa chini.

Nkuba, juu yake, alishangaa kwa dhati. "Sasa nisipokushika, nitajuaje kama napigana na wewe?"

Timotheo akarudi uwanjani. Hakuthubutu tena kuinua mguu. Akawa anazungukazunguka, magoti yamebanana, na Nkuba alipopiga hatua kumfuata, akamfagia kifundo cha mguu kwa chini. Nkuba akaanguka puu! Uwanja ukalipuka kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Nkuba mwenyewe, chali mavumbini.

"Hiyo nifundishe!" alisema.

Jioni, kwa Sedekia, walipokuwa wakila makande, ubishi ulirudi: mtindo gani bora? Wakamuuliza Rozalia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mapambano.

"Timotheo akiwa mbali hagusiki," alisema. "Liberatus anataka urefu wa mkono. Nkuba hataki hata inchi. Atakayempeleka mwenzake pale anapopataka yeye, ndiye mshindi. Ila wewe Timotheo, huna mtindo mpaka nikubadilishie suruali."

Aliporudi Kihesa aliingiza kipande cha kitambaa cha pembe nne pale msambani mwa suruali. Timotheo akapiga mateke mchana kutwa, mshono usikatike. Sifa zikaenea, oda zikaja hata kutoka Mbeya. Liberatus, kwa aibu kidogo, alianza kujifunza kushika.

Nkuba naye akaja kujifunza ule ufagiaji. Alikuja kila mwezi kwa basi, na kibuyu cha maziwa mgando mapajani. Safari ya nne Timotheo alimwambia amehitimu, hana tena cha kumfundisha. Safari ya tano akaja vilevile. Kihesa nzima ilishaelewa, isipokuwa Rozalia.

"Huyu mtu hashiki masomo," alimwambia jirani yake Severina.

"Anashika sana," Severina akamjibu. "Wewe ndiye hushiki."

Rozalia akachukua utepe wa kupimia, akajipima kiuno. Safari ya sita alimsubiri Nkuba uani, amevaa gwanda alilojishonea mwenyewe, suruali kabisa, bila kujali wazee wa kanisa watasema nini.

"Nionyeshe mieleka," alisema.

Nkuba alimshika kiuno kama mtu anayeshika yai. Rozalia akamfagia kifundo. Wakaanguka wote wawili kwenye majani, yeye juu, na kicheko kikamshika hata pumzi ikamwishia.

"Umeumia, Lozalia?"

Alitikisa kichwa. Alipopata sauti alisema ndiyo, atakubali kuolewa naye, na Nkuba akamkumbusha kwamba bado hajamuuliza.