Mita Moja na Robo

Juzi binti yangu alikuwa ameketi sakafuni na boksi tupu la sabuni, akilipima kwa rula. Kazi ya shule. Akainua kichwa, akaniuliza, "Mama, mbona ndani ni padogo kuliko nje?" Nikamjibu kuwa ni unene wa karatasi. Kisha nikaenda jikoni nikakaa kitako. Ngoja nikueleze kwa nini, rafiki yangu.

Nilikuwa na umri kama wake, nikiishi na nyanya yangu kule Mjambere. Mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa bara, mpole, alikuwa akija darasani na katoni kuukuu za soko la Kongowea. Alizikunjua mbele yetu zikawa bapa, kisha akazikunja tena zikasimama. "Karatasi ina urefu na upana," alipenda kusema. "Ikipata kimo, imepata tumbo. Na chenye tumbo huficha kitu." Tulikuwa tukicheka. Siku moja akatutuma tukapime nyumba zetu, nje na ndani, tuzijenge kwa katoni.

Ya nyanya ilikuwa nyumba ya mawe, vyumba vitatu mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake barazani. Niliazima tepu kwa jirani yetu fundi, mdogo wangu akanishikia ncha, huku mbaazi za nazi zikitokota uani. Nikapima nje, nikapima ndani, nikajumlisha pamoja na unene wa kuta. Hesabu ikakataa. Nikarudia mara tatu. Kati ya chumba cha nyanya na chetu palipotea mita moja na robo. Nilipogundisha katoni, pengo likabaki pale: chumba kamili, pande zote sita, kisicho na mlango.

Nyanya alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Alipokiona kile kijumba, kifuu kikamponyoka.

"Nyanya, hapa pana nini?"

"Ukuta."

"Ukuta hauwi mnene hivi. Ndiyo maana ukigonga asubuhi tunasikia kwa mbali?"

"Nikigonga nini?"

"Ukutani. Mara mbili, kutuamsha."

"Mimi sijagonga ukuta huo hata siku moja, mjukuu wangu," akasema polepole. "Nilidhani ni nyinyi mwaniamkia."

Mdogo wangu akaanza kulia.

Ndipo nyanya akatueleza. Kifungua mimba wake alikuwa msichana, akilala katika kijichumba kile chembamba. Surua ikamchukua. Babu alirudi kutoka makaburini, akakoroga saruji, akauziba mlango na kitanda cha mtoto kikiwa ndani, akakataza jina lake lisitajwe tena. Babu mwenyewe akafa, amri yake ikabaki. Siku hiyo nyanya alinitajia lile jina kwa kunong'ona, kama mtu anayeonja chakula cha moto. Kisha akaniomba nimkatie mtoto mlango kwenye katoni. Nikaukata.

Mwalimu alikipindua kijumba changu, akasema vipimo vina kosa, akanipa alama nne kwa kumi. Sikubishana naye.

Tangu siku ile kugonga kukakoma. Kila asubuhi nikipeleka chai nilimkuta nyanya ameketi kitandani, sikio ukutani, akingoja, na chai ikapoa mkononi mwake. Nikahisi kuna kitu nimemnyang'anya kwa tepu yangu. Asubuhi moja nikashindwa kuvumilia. Nikagonga mara mbili kutoka upande wetu.

Sauti ya nyanya ikapenya, laini, sauti ambayo hakuwahi kututolea sisi. "Nimekusikia, mwanangu. Haya, lala."

Nikajifunika shuka hadi kichwani. Sikugonga tena. Lakini kila asubuhi nyanya aliendelea kujibu.

Sasa hayupo. Nyumba iliuzwa, na nilipofika siku ya kubomolewa nilikuwa nimechelewa. Kifusi kilikwishapakiwa kwenye lori kwenda kujaza barabara sijui ya wapi, na vijana wa kazi walikuwa wamekwenda zao. Pale pamesimama nyumba ya ghorofa, nguo za watu nisiowajua zimeanikwa. Hakuna tena wa kumuuliza kilichokutwa katika kile kijichumba, wala ukuta wa kuugusa. Aliyegonga asubuhi ile moja ni mimi, na hadi tunamzika nyanya sikumwambia. Hizo nyingine, sijui nyanya alikuwa akimjibu nani.