Chupa Tulizozifukiza Ubani

Mjukuu wangu alipojifungua alikuja kwangu kukaa arobaini, na nyumbani kwangu mambo ya mzazi nayashika mimi. Uji wa pilipili manga mimi, kumkanda maji moto mimi, kumfunga tumbo mimi, na maji ya kunywa mimi. Yeye kazi yake ni kulala na kunyonyesha, na mlangoni hatoki.

Maji yake nilikuwa nikiyatia kwenye chupa. Zilikuja hapa Malindi chupa za bati, nje zina maua, ndani zimepakwa rangi nyeupe pepepe, unakunywa unajaza tena. Mtaani kwetu tulizigombania kama samaki wa bure. Mimi nilichukua mbili. Lakini zilikuwa zanuka rangi, na sisi chombo kinachonuka hatukitii maji hivi hivi. Mamangu alikuwa akiufukiza mtungi kwa ubani. Basi nami kila asubuhi natia makaa kwenye chetezo, nanyunyiza ubani, naifunika chupa mdomo chini juu ya moshi mpaka bati halishikiki. Hapo ndipo natia maji. Mjukuu wangu akinywa husema, "Nyanya, maji yako yanukia harusi!" Nami kichwa chavimba.

Siku ya kumi na tisa asubuhi, mjukuu wangu amelala chumbani, jirani yangu akaingia na simu mkononi, hata hodi hakupiga.

"Shoga, zile chupa zako ziko wapi?"

"Zina maji. Wazitakia nini?"

"Zarudishwa dukani! Ati ile rangi ya ndani ina kemikali."

Mimi shule niliiacha darasa la pili. Nikamwambia anisomee polepole. Akasoma: kemikali yatoka kwenye rangi yaingia kwenye maji. Ikipata moto ndiyo yatoka zaidi. Anayenyonyesha aache mara moja.

Nikakaa kitako sakafuni. Siku kumi na tisa naichoma ile chupa kwa mkono wangu, kisha namnywesha mtu anayenyonyesha.

Sikumwambia kitu mjukuu wangu. Nilimwaga maji, nikavaa buibui, nikaenda dukani na chupa zangu kwenye kikapu. Nikakuta wanawake wamejaa hapo mlangoni.

Mmoja alikuja kuangalia tu. "Mimi sirudishi. Yaenda na dera langu."

"Utazikwa nayo!" wakamwambia.

Mwengine, mtu wa Gongoni, alikuwa amekasirika kweli. "Kwetu maji ya kisima ni chumvi tupu tangu nizaliwe. Hakuna hata siku moja aliyenitumia ujumbe."

Mwenye duka akaipokea ya kwangu, akachungulia ndani, akanusa.

"Shikamoo, bibi. Humu ulitia nini?"

"Marahaba. Ubani."

"Hata yangu," akasema wa nyuma yangu. "Na yangu," akasema mwengine. Mwenye duka akazitazama moja moja zile zilizorudi, zote midomo imepiga weusi wa moshi.

"Kwani mtaa mzima mmefukiza?"

"Si zilikuwa zanuka! Wewe ulitaka tunywe rangi?"

Akaishika karatasi aliyoletewa na wenye chupa, akaisoma juu mpaka chini. "Hapa wameandika msitie chai, msitie uji, msioshe kwa maji moto. Ubani hawakuandika."

Tulicheka, mimi pia nilicheka. Nikamuuliza, na aliyeifukiza akamnywesha mzazi je? Akasema hilo yeye hajui, niende kliniki.

Sasa mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini, na hiyo sheria mimi ndiye niliyemsomea kila alipoomba japo abarizi. Nikarudi nikamwambia yote, ubani, moto, kemikali. Alinitazama, akamtazama mtoto.

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Niliogopa."

Akafunga khanga kichwani. Tukatoka mchana kweupe, mimi nimembeba mtoto, majirani wametoa macho madirishani.

Muuguzi alimpima mtoto, ameongezeka. Akamtazama macho na ulimi, akampima na mamake damu. Akaniuliza, "Chupa mmeiacha?"

"Tumeiacha."

"Basi. Mimi sioni ubaya wowote leo. Kilichopita ndani siwezi kukiona kwa macho. Mtoto aendelee kunyonya, na kila mwezi mje nimpime. Msikose."

Nikataka aniambie hakuna kitu kabisa. Hakuniambia.

Tulipotoka mjukuu wangu akasimama kwenye jua, amekunja macho. Akasema, "Nyanya, madhali nishatoka, tupite sokoni nikanunue maembe."

Maembe kwa mzazi! Siku nyingine ningemrudisha nyumbani kwa sikio. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja za kumwamrisha, na mdomo wa kuamrisha sina.

"Haya," nikasema, "tupite." Akatangulia yeye, nami nikafuata nyuma na mtoto.