Fundi wa Barafu wa Irving

Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja wa barafu wa Irving, mwaka 2017, nilivaa makoti mawili nikakabidhiwa mopu. Nje kulikuwa na joto la Texas, lile la kukausha mate mdomoni, na ndani watu walikuwa wakitoa moshi puani kwa baridi. Nilikuwa na miaka sitini na miwili. Nilikwisha lima Burundi, nikaishi kambini Kigoma miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na tangu tuletwe Haltom City, hapa Texas, nilikuwa natandika vitanda vya hoteli. Barafu nilikuwa naijua ya kwenye soda tu.

Ninyi vijana wa parokia mnaoniuliza nilistaafu kazi gani, huwa mnacheka nikijibu kwamba nilikuwa fundi barafu. Chekeni mmalize, halafu mnisikilize, maana ile ilikuwa kazi ya watu wazima.

Uwanja wetu ulikuwa mmoja wa viwanja vya ligi ya vijana ya hoki ya barafuni, wa miaka kumi na sita hadi ishirini, wanaocheza wakitumaini kuonwa na vyuo au timu kubwa. Ligi yenyewe ilikuwa changa. Ilianza na timu chache za Dallas na Fort Worth, kisha Houston wakaingia, wakawa wanakuja kwa basi, mwendo wa saa nne au tano, ili wapigane vikumbo kwa saa mbili. Watu wa majimbo ya baridi walikuwa wakiidharau. Walisema hoki ya Texas ni sawa na kulima kahawa jangwani. Kwa hiyo viongozi wa ligi walikuwa wakali mno juu ya barafu, na sisi tuliokuwa chini tuliujua ukali huo.

Fundi Mkuu wa Barafu alikuwa Mkenya aitwaye Mutiso, mkazi wa DeSoto, mtu mwembamba asiyenyamaza. Dereva wake alipoacha kazi, aliuliza nani anaweza kuendesha mashine ya kulainisha barafu. Nikasema mimi. Leseni yangu ya gari niliipata baada ya kufeli mara tatu, lakini hilo hakuuliza.

Mashine ile chini ina kisu kirefu kinachokwangua barafu iliyochakaa. Nyuma ya kisu linafuata taulo pana linalotandaza maji mapya, nayo huganda yakawa barafu laini. Maji hayo ni ya moto. Siku aliyonionyesha nilipiga ishara ya msalaba.

"Mutiso, maji ya moto juu ya barafu? Si itayeyuka yote?"

"Wee mama, relax! Maji baridi ita-freeze juu juu tu, haishikani na ya chini. Hii ya moto ina-melt kidogo, halafu zina-bond. Na huu mpini ndio wa maji. Usiuonee huruma, sukuma mpaka mwisho."

Nilielewa kila neno. Mkono wangu ndio uliokataa. Kule kambini bomba lilikuwa likifunguliwa kwa saa zake, nasi tulipanga madumu kwenye foleni tangu alfajiri, na siku nyingine zamu yangu ilifika maji yakiwa yamekatika. Sasa niko juu ya mashine, nyuma yangu maji safi, yaliyochujwa, yaliyopashwa moto, yanamwagwa sakafuni ili watu wayakanyage. Nilisukuma mpini hadi nusu, nikauacha hapo. Barafu ilitoka inang'aa vilevile. Nikajisifu moyoni kwamba nimewaokolea wenye uwanja maji, na kwamba hakuna Mmarekani angefikiria hivyo.

Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki. Kisu kilikuwa kinakwangua kiasi kilekile kila mara, na mimi narudisha nusu yake. Unene wa barafu hupimwa kwa kutoboa kitundu kwa keekee na kutumbukiza rula, na mpimaji alikuwa Mutiso. Lakini wiki hizo ligi ilikuwa imemwazima aende Houston kusaidia uwanja wao, ambako unyevu wa hewa ulikuwa ukiwaletea ukungu juu ya barafu. Hakuna aliyepima.

Jumamosi moja mchana tulicheza na Houston. Hoki ina vipindi vitatu. Kipindi cha pili, beki wa Houston aligeuka kwa kasi mbele ya goli letu, nikasikia mlio ambao hata sasa ukinijia meno yanauma. Ulikuwa mlio wa chuma cha kiatu kikikwaruza saruji. Kijana akaenda kujibamiza kwa bega kwenye ubao unaozunguka uwanja. Aliinuka, Mungu ni mwema. Lakini refa alipiga magoti, akapangusa kwa glavu, akaona sakafu ya kijivu ikimtazama. Akavunja mchezo. Houston wakapanda basi lao bila kumaliza.

Tuliitwa ofisini kwa Meneja, mwanajeshi mstaafu asiyependa maneno mengi. Msimamizi wa Ligi alikuwa amekaa tayari, mzee aliyezaliwa kwenye theluji. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, nadhani kwa ajili yangu.

"Wanasema Texas haina barafu," alisema. "Leo mmewapa ushahidi. Mechi nyingine ikivunjika hapa kwa sababu ya barafu, uwanja huu unatoka kwenye ratiba ya ligi, na timu yenu inatoka nao."

Timu ile haikuwa na uwanja mwingine wa kwenda. Ilikuwa na vijana ishirini na kitu, na wazazi waliokuwa wakinisalimia kwa jina.

Meneja akauliza nani anahusika. Mutiso, aliyerudi siku hiyo hiyo, akaniwahi. "It's on me, boss. Sikupima."

"Hapana," nikasema. "Mashine nimeendesha mimi na maji nimepunguza mimi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kambi, bomba na madumu, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, Mutiso akiziba mapengo. Nilipomaliza, Meneja aliniomba ufunguo wa mashine.

"Pole sana," akasema. "Rudi kwenye mopu."

"Nitarudi. Lakini naomba niwe napima mimi, kila asubuhi."

Akatupungia mkono tutoke, nami nikachukua hilo kuwa ruhusa. Nje Mutiso alinicheka. "Kosa moja haliachi mke, mama. Lakini ukirudia, hata mimi nitakupatia talaka."

Niliona aibu kali, na aibu ile ndiyo iliyonifanya fundi. Kila asubuhi kabla ya mopu nilitoboa vitundu tisa, mbele ya magoli, kwenye kona na katikati, nikaandika unene kwenye daftari la shule. Nilijifunza mabomba ya maji ya chumvi yaliyolala ndani ya saruji, yanayobeba ubaridi kutoka kwenye kompresa mbili nyuma ya jengo. Nilijifunza kusikiliza kompresa hizo, kwa sababu hubadilisha sauti kabla ya kuugua. Baada ya miezi kadhaa Meneja alinirudishia ufunguo wa mashine bila hotuba. Mwaka 2019, Houston walipomchukua Mutiso moja kwa moja, niliwekwa mahali pake. Binti yangu Goreth, muuguzi msaidizi, alinishonea cheo kwenye koti. Alikosea herufi, nikalivaa hivyohivyo.

Kisha ikaja Februari 2020. Alhamisi, kompresa moja ilikufa. Fundi wa mitambo akasema kipuri kitafika Jumatatu. Jumamosi tulikuwa na mechi na Houston, na nje jua lilikuwa kana kwamba halina kalenda.

Nilikwenda kwa Meneja. "Kesho tufunge uwanja kwa umma. Asiingie mtu."

"Kesho kuna sherehe za watoto. Nimeshawaahidi wazazi wao."

"Kila mwili ni jiko, Meneja. Kompresa moja haiwezi kupoza sakafu na majiko mia."

"Watoto watalia."

"Kwetu wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Wakilia wao kesho, tutanyamaza sisi Jumamosi. Ukiwaingiza, mtafute fundi mwingine, mimi sitasaini barafu hiyo."

Sikuwahi kusema na bosi hivyo maishani mwangu. Alinitazama, akachukua simu, akaanza kuwapigia wazazi mmoja mmoja.

Nami nikampigia Mutiso Houston.

"Zima taa zote, funga milango," akasema. "Na maji, mama, punguza."

"Mutiso, umesema nipunguze?"

"Nimesema punguza! Ukimwaga hot water yote, hiyo compressor moja itazimia. Daftari inasema una unene gani?"

"Inchi moja na nusu kila mahali. Mbele ya magoli zaidi kidogo."

"Basi uko na akiba. Weka layer nyembamba, ngoja ishike, pima. Ukiona imepungua, ongeza."

Nilishinda Ijumaa nzima gizani nikiwa na tochi na keekee. Mpini ulikuwa nusu, palepale ulipokuwa zamani, lakini safari hii nilijua kwa nini uko hapo.

Jumamosi Msimamizi wa Ligi alifika mapema kwa sababu habari zilikuwa zimemfikia. Nikampa keekee na daftari. Alitoboa mwenyewe vitundu vyote tisa, akalinganisha na namba zangu za asubuhi, akafunga daftari. "Chezeni," akasema. Walicheza vipindi vyote vitatu. Tulifungwa na Houston vibaya sana, na mimi nilikuwa mtu pekee upande wetu aliyepiga makofi kengele ya mwisho ilipolia.

Mwezi uliofuata ugonjwa ulifunga kila kitu. Msimu uliishia njiani bila bingwa. Meneja akaniambia nizime kompresa, na kwa siku chache nikasukuma kazi yangu, sasa maji matupu, kwa brashi kuelekea kwenye karo. Nilikuwa na miaka sitini na mitano na magoti yaliyochoka na saruji. Nikarudisha funguo. Sikuaga vizuri, na hilo linaniuma.

Nimejiuliza sana nyumbani kazi ile ilinifunza nini. Nadhani ni hiki: bidii niliingia nayo, na huruma ya maji niliingia nayo pia, na vyote viwili vilikaribia kuwanyima vijana wale mahali pa kuchezea. Kilichowaokoa ni kupima. Mkipewa kazi, pimeni, hasa pale moyo unapowaambia mnafanya vizuri.

Mwishoni mwa kiangazi Goreth alikuja sebuleni na simu mkononi. Ligi ilikuwa imetoa ratiba ya msimu mpya, ikiwa Mungu na madaktari wangeruhusu. Nilimnyang'anya simu, kisha nikamrudishia kwa kuwa macho yalikuwa yameshajaa machozi.

"Soma wewe. Irving ipo?"

"Ipo, mama. First game. Irving na Houston, nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Irving, mama. Kwenu."